Rambirambi Nilizozipeleka Harusini

Aibu yangu inajulikana kuanzia Mtoni mpaka mwisho wa barabara ya kusini, kwa hiyo hata nikiificha haifichiki, bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanaoitia chumvi (kuna mmoja anasema nililia, mimi sikulia, ulikuwa moshi wa kuni). Mimi ndiye yule mtu aliyekwenda kwenye harusi ya watu akatoa rambirambi, tena kwa kipaza sauti, tena akamwombea maiti dua, na bwana harusi mwenyewe akaitikia amin.

Sasa kabla hamjanicheka mpaka mwisho, lazima kwanza mumjue Mwalimu Zuwena, kwa sababu bila yeye mkasa huu ungekuwa na mwisho mwingine, na mimi pengine ningekuwa nimehamia Pemba. Mwalimu Zuwena alinifundisha darasa la pili katika skuli ya kijijini kwetu, na alimfundisha baba wa mwenzangu niliyekaa naye dawati moja, na sasa ukiuliza kijiji kizima nani kamfundisha kusoma jawabu ni lile lile. Alianza kazi mjini, akaja kwetu kwa uhamisho ambao watu walisema hatamaliza nao mwaka, akabaki mpaka nywele zikageuka. Alipostaafu wakamshika wakamtia udiwani, na udiwani wenyewe akaufanya kama zamu ya usafi, anapita nyumba kwa nyumba anakagua mitaro na mapipa ya maji, na wazee wenye ndevu nyeupe wanaficha taka nyuma ya mgongo wakimwona. Kisha akagombea kiti cha Baraza la Wawakilishi. Kampeni yake sijapata kuona mfano wake: hakuwa na ngoma wala fulana za kugawa, alisimama kwenye uwanja wa skuli akaanza kuita majina, na kila aliyeitwa akajibu “Nipo,” mpaka jua likazama na hotuba haikuwepo. Akashinda. Siku hizi kila mtu Barazani anamwita Mheshimiwa, lakini jimboni ukimwita hivyo utaulizwa unamkusudia nani.

Na mimi ndiye msaidizi wake. (Kwenye kadi niliyojichapishia nimeandika Katibu, lakini yeye hajaiona na naomba tuache hivyo hivyo.)

Siku hiyo alinipigia simu asubuhi, mimi niko nyumbani Michenzani najipasia kanzu.

“Haji, Mzee Pandu kafariki, wamemzika asubuhi hii. Yule aliyekuwa akitutengenezea madawati ya skuli.”

“Inna lillahi. Nnakumbuka, Mwalimu.”

“Mimi jioni nna swali langu Barazani, la skuli yetu, siwezi kutoka. Nenda ukahani, ukawape pole wafiwa kwa niaba yangu. Na ukifika uliza kwanza, usijifanye unajua.”

Maneno hayo ya kuuliza kwanza nimeyasikia kwake tangu nina miaka minane, na yakishakuwa mengi hivyo sikio huyaona ni sehemu ya maamkizi. Nikasema naam, nikavaa kanzu yangu nyeupe na kofia ya viua niliyoitia wanga mpaka ikasimama yenyewe, nikapakia kwenye gari gunia la mchele na dumu la mafuta ya kupikia, nikaondoka nikijisikia mkubwa. Unajua mtu ukitumwa na mtu mkubwa na wewe kichwa kinakua kidogo.

Kijijini kwetu turubai ni moja. Nataka mlielewe hili vizuri kwa sababu ndipo nilipopotelea. Turubai hili la buluu lenye kiraka cha kijani pembeni ni la msikiti, na mikeka ni hiyo hiyo, na masufuria ni hayo hayo, mtu akioa linafungwa kwake, mtu akifiwa linafungwa kwake, na chini ya kiraka kile nimekaa hitima nyingi kuliko harusi. Kwa hiyo nilipokata kona baada ya sala ya alasiri nikaliona turubai limefungwa, wanaume wamekaa mikekani na kanzu zao, kimya, msomaji mmoja anasoma Qurani kwa sauti ya chini, hakuna dufu, hakuna kigelegele, mimi nikasema basi ndiyo hapa.

Nilichokuwa sikijui (na ningekijua kama ningelimuuliza hata yule bibi aliyekuwa akiuza visheti njiani) ni kwamba harusi ya Rahma, binti wa Mzee Kombo, ilikuwa imeshapangwa, turubai limeshafungwa tangu jana, ndipo Mzee Pandu wa nyumba ya pili akafa. Wafiwa wakasema harusi isivunjwe, wao watakaa kwenye baraza ya msikiti. Mzee Kombo naye kwa heshima ya jirani akasema basi hapatapigwa ngoma wala vigelegele, watu waoe kimya kimya. Ndicho kile kimya nilichokikuta.

Harufu ya pilau niliisikia, sisemi uongo. Pua ilijaribu kunambia kitu. Lakini kwetu pilau hupikwa kwa furaha na kwa msiba, kwa hiyo nikainyamazisha pua, nikawakabidhi wapishi mchele na mafuta, wakanishukuru sana, nikavua viatu.

Ami yake bibi harusi akanipokea kwa mikono miwili. “Karibu, pita mbele. Umetoka kwa Mwalimu?”

“Naam, kanituma nimwakilishe.”

“Mwalimu hatusahau. Basi utatusemea maneno mawili, tunawangojea wageni kutoka mjini, hawako mbali.”

Wageni kutoka mjini, mimi nikajua ni jamaa wa marehemu. Nikaketishwa karibu na Mzee Kombo, na Mzee Kombo, wallahi, macho yalikuwa mekundu, anajifuta kwa ncha ya kanzu, kwa sababu Rahma ndiye binti yake wa pekee na leo anamtoa, lakini mimi hilo nitalijuaje. Nikamshika bega. Nikamwambia najua uchungu wako mzee wangu. Akaitikia kwa kichwa, akalia zaidi, na mimi nikazidi kuamini.

Wakanipa kipaza sauti. Sasa mimi na kipaza sauti ni kama mtoto na embe, mpaka liishe. Nikaanza kwa salamu za Mwalimu, nikasema amepokea kwa huzuni habari za msiba huu, na mpaka hapo hakuna aliyeshtuka, watu walidhani ni adabu tu, namkumbuka Mzee Pandu kabla ya kuingia katika shughuli. Nikaona wananisikiliza kwa makini, nikapanda. Nikasema nyumba hii leo imezimika taa. Nikasema marehemu wa nyumba hii tulimpenda sote. Nikaona mzee mmoja anamtazama mwenzake. Nikasema hata sisi tutamfuata, ni suala la zamu tu, kisha nikafumba macho na kunyanyua mikono, na mtu akishanyanyua mikono kwa dua kwetu hakatizwi, hata akiwa mwendawazimu. Nikaomba. Nikaomba kaburi lipanuliwe, nikaomba familia ipewe subira, subira, subira, na nyuma yangu nikasikia sauti nzito za watu wengi zinaitikia “Amin,” nikasema moyoni, Haji, leo umeweza.

Nikafumbua macho. Kwenye mlango wa turubai alikuwa amesimama kijana mmoja kavaa joho lenye nakshi, kilemba, jambia kiunoni na asumini shingoni, mikono kainyanyua, anaitikia amin. Ni bwana harusi na watu wake. Walifika wakakuta dua, na wao wakaunga.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angelikaa chini. Mimi nikasema, na kipaza sauti bado kiko mdomoni: “Samahani, nilidhani mmefiwa.”

Spika moja ilikuwa imefungwa dirishani kwa wanawake. Wao huko ndani walikuwa na mazungumzo yao, dua hawakuisikia vizuri, walichodaka ni “marehemu wa nyumba hii” na sasa “mmefiwa,” na shangazi mmoja ambaye alijua kakake ana presha akaamua kwamba Mzee Kombo kaanguka nje akafa. Akapiga ukelele. Mwengine akaupokea. Kilio kikapanda mpaka juu ya minazi, na kule kwenye baraza ya msikiti wafiwa wa kweli wakasikia kilio kinatoka kwa jirani, wakakimbia kuja kutoa msaada, Vuai mtoto wa Mzee Pandu mbele yao, baba yake kamzika asubuhi, kaja mbio na kikoi kumpa pole Mzee Kombo, na Mzee Kombo anamwambia mimi mzima, mimi mzima, na hakuna anayemsikia.

Kilipotulia, aliyesema alikuwa ami wa bwana harusi, Bwana Nassor, mfanyabiashara wa Mji Mkongwe, mtu mzima mwenye mvi, mrefu, mwenye sauti ya kuagiza.

“Hivi tumeletwa kuoa au kuzika?”

Akawageukia watu wake.

“Nlisema tangu asubuhi, harusi bila ya ngoma nuksi. Sasa tumeombewa makaburi. Ndoa hii leo haifungwi. Twendeni.”

Hapo wenzangu ndipo niliposikia baridi mwilini, na jua bado linawaka. Kwa sababu kuahirisha huko si kuahirisha. Msichana ambaye wachumba wamefika mpaka turubaini wakageuka, huku kwetu hatasafishika, watu watauliza kulikoni, na wakikosa jawabu watalitunga. Rahma alikuwa ndani na hina yake mikononi, na mimi ndiye niliyemfanyia hayo, mtu hata hatujawahi kusalimiana. Nilimtazama baba yake. Hakunikasirikia, na laiti angelinikasirikia.

Kilichotuokoa kwanza ni viatu. Bwana Nassor alitoka nje kutafuta makubadhi yake na makubadhi hayakuwepo. (Mpaka leo hakuna aliyekiri, ila ami yake bibi harusi aliyenipokea kwa mikono miwili nilimwona anatoka jikoni bila ya mikono miwili hiyo, yaani kaificha nyuma.) Wakatafuta huku, wakatafuta kule, Bwana Nassor kasimama kwenye mchanga miguu mitupu anazidi kupandwa na hasira, na mimi nikajibanza nyuma ya mnazi nikamwandikia Mwalimu ujumbe: Nimeharibu.

Akapiga hapo hapo. Nikamweleza.

“Uliuliza?”

“Sikuuliza, Mwalimu.”

“Usiondoke hapo. Rudi turubaini ukae.”

Nikarudi nikakaa katikati ya mkeka peke yangu, watu wamenizunguka kwa mbali, na muda ule wa kukaa pale ulikuwa mrefu kuliko miaka yangu yote ya skuli.

Kijiji chetu si mbali na Baraza. Gari lake likaingia, akashuka, buibui lake jeusi na mkoba wake ule ule ambao ndani yake, naapa, mpaka leo mna chaki. Hakuingia turubaini. Alisimama pembezoni, penye kiraka cha kijani, akanyamaza. Wale waliowahi kukaa darasani kwake wanajua kunyamaza kule. Hapigi meza, hasemi kimya, anakutazama tu mpaka wewe mwenyewe usikie kelele zako. Zogo likapungua, likapungua, mtu wa mwisho akajikuta anasema peke yake akaacha.

Kisha mzee mmoja wa mbele, mvuvi wa pweza mwenye wajukuu, akasimama. Na wa pembeni yake akasimama. Na nyuma yao, na wengine, kanzu zote zile zinanyanyuka mstari kwa mstari, imamu naye, wafiwa nao, Mzee Kombo naye, na sauti ikatoka kwa pamoja, ile ile ya kuvuta ya watoto wa darasa la pili:

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Hamjambo?”

“Hatujambo, Mwalimu.”

Mwili ulinisisimka, na unanisisimka hata sasa hivi nikisimulia. Nimeshawaona wakubwa wakipigiwa saluti, nimeshaona magari ya ving'ora yakipishwa barabarani, na vyote hivyo vinaamriwa na mtu. Hapa hakuna aliyeamrisha. Na mimi niliyekuwa nimekaa kwa adhabu nilikuwa nimesimama bila ya kujua nimesimama lini.

Bwana Nassor peke yake hakuitikia, kwanza alikuwa nje ya turubai na miguu yake mitupu. Mwalimu akageuka, akamtazama toka kilemba mpaka miguuni.

“Nassor. Na leo tena umepoteza viatu?”

Yule mtu akabadilika uso. Sikujua, na watu wake hawakujua, kwamba kabla ya kuhamishiwa kwetu Mwalimu Zuwena alifundisha mjini, na katika darasa lake alikuwamo mtoto mmoja wa Kiarabu aliyekuwa kila siku akitoka mapumziko bila ya viatu na kurudi kwao analia. Bwana Nassor akafungua mdomo aseme jambo kubwa, likatoka dogo.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Ingia ukae. Nyote kaeni.”

Wakakaa. Bwana Nassor akakaa.

“Huyu Haji nimemtuma mimi,” akasema. “Mzee Pandu alistahiki nije mwenyewe, nikaona swali langu ni kubwa kuliko jirani yangu, nikamtuma kijana. Kwa hiyo aliyekosa ni mimi, na mimi ndiye ninayeomba radhi.” Akamgeukia bwana harusi. “Wewe ulifika ukaitikia dua. Ilikuwa dua gani?”

Kijana akatazama chini. “Alikuwa anaomba tupewe subira, Mwalimu.”

“Subira. Haya, waliooa humu ndani. Mwenye ndoa iliyokaa bila ya subira anyanyue mkono.”

Watu wakatazamana. Mkono haukunyanyuka hata mmoja. Nyuma ya dirisha mwanamke mmoja akacheka, na kicheko kikaenea huko ndani, kikatoka nje, mpaka Mzee Kombo na machozi yake akacheka.

“Na ile ya kaburi ilikuwa ya Mzee Pandu,” akasema Mwalimu. “Imemfika. Haikuwa na haja ya kujua amefungiwa turubai gani.”

Vuai, mtoto wa marehemu, akanyanyuka na kikoi chake. Akasema mama yake yuko ndani kwao na anauliza mbona kimya, Rahma, mwari wa leo, amemkata kitovu yeye mwenyewe, anataka kusikia vigelegele hata kwa mbali. Alisema hivyo akakaa. Na ndani, yule shangazi aliyeanzisha kilio ndiye aliyekianzisha kigelegele.

Ndoa ikafungwa. Makubadhi yakaonekana, yako mlangoni mahali pake kama hayajawahi kutoka. Mzee Kombo akaamuru sufuria zima la pilau lipelekwe kwa wafiwa, na aliyelibeba ni mimi, kanzu yangu yote masizi, Mwalimu yuko mbele kwa miguu. Kwa mjane wa Mzee Pandu nilisema neno moja tu, pole, na hata hilo nililisema polepole nikamtazama Mwalimu kwanza.

Tuliporudi garini ndipo nilipothubutu.

“Mwalimu, na swali lako Barazani?”

“Walilifikia, mimi sipo. Mpaka kikao kijacho.” Akafunga mkanda. “Wale watoto wa mkondo wa mchana nshawazoesha kungoja, Mwenyezi Mungu anisamehe. Yule mwari hakuwa na kikao kijacho.”

Miaka yote niliyomfuata nilidhani ukubwa wake ni ule wa kura, na viti vya mbele, na watu kumpisha. Mambo ya watoto wanaosoma kwa zamu kwa kukosa madarasa ndiyo yaliyomtoa kwenye kustaafu kwake, alilipigania swali lile tangu achaguliwe, na aliliacha mezani akaja kumsemea msichana ambaye nilimharibia mimi. Nilimtazama tu anafuta vumbi la mkoba.

“Kesho rudi kwa Mzee Kombo umwombe radhi,” akasema. “Na ukifika uliza kwanza kama yupo.”

Basi tangu hapo nimeapa, na kiapo hiki nakishika kuliko vingine: sivui viatu mbele ya turubai mpaka nimeuliza, na nikijibiwa namuuliza na mwengine. Wanacheka. Wacha wacheke, wengine wananiita Bwana Subira na naitika. Kipaza sauti nikipewa nakipokeza kwa aliye pembeni.

Kikao kilichofuata nilikwenda kukaa kwenye viti vya wageni nilisikie lile swali. Lilipoitwa jina lake, ukumbi ulikuwa na minong'ono, wakubwa wanasemezana. Mwalimu akasimama mahali pake, hakusema kitu, akanyamaza kunyamaza kule kwake, mpaka ukumbi mzima ukatulia. Na mimi nikaona askari wa mlangoni ananijia juu kwa hasira, na watu wote wa viti vya wageni wananigeukia, nisijue kosa langu mpaka nikajitazama. Nilikuwa nimesimama. Nikageuka kwa haya kutafuta pa kujificha, na safu ya nyuma yangu, kwa kanzu yake nzuri na makubadhi yake miguuni, Bwana Nassor naye, aliyekuja kumsikiliza mwalimu wake, alikuwa amesimama. Mwalimu akatuona. Akatushushia mkono kidogo, tukakaa, ndipo akaanza kusoma swali lake.